Kimbweta Kimoja, Wafanyabiashara Kumi

Ukitaka kujua wanachuo wangapi wanafanya biashara, usiulize ofisi yoyote. Pita kwenye korido za hosteli saa mbili usiku. Chumba cha kwanza dada anasuka, cha pili jamaa kafungua simu ya mtu anabadilisha kioo, cha tatu kuna pafyumu za kupima. Huko Changanyikeni na Msewe, waliopanga mageto wanapika keki kwa oda. Mimi nimo humo humo: nachapa fulana, na nilianza na bumu la mwaka wa kwanza.

Ukituuliza tunakosa nini, wote tutajibu kwa sauti moja: mtaji. Naomba nipingane na jibu hilo. Mtaji ni shida kweli, sikatai. Lakini nimewaona watu hapa hapa chuoni wakiupata, kwa mjomba au kwenye bumu, na miezi miwili baadaye mzigo bado umelala chini ya kitanda. Kilichokosekana ni mtu wa kuwataja pale ambapo wao hawapo. Biashara ndogo haina bango barabarani wala tangazo redioni. Inaishi midomoni mwa watu.

Hilo tunalijua, ndiyo maana tunahangaika. Tunaweka bidhaa kwenye stetasi ya WhatsApp, wanaona wale wale arobaini walioona jana. Tunatupa matangazo kwenye grupu la darasa, admini anakasirika, wenzetu wanapita bila kusoma. Wengine tunakimbilia semina za ujasiriamali. Mwaka jana nililipa elfu ishirini kuingia moja mjini, pesa ambayo ingeninunulia fulana tatu za kuchapa. Tuliambiwa tuwaze makubwa, tukanywa soda, tukapiga picha, tukapewa cheti. Katika ukumbi mzima hakuna aliyeniuliza nafanya nini. Tulikaa mistari kama darasani, tukimtazama mtu mmoja mwenye kipaza sauti.

Ninachopendekeza ni kidogo na ni cha bure: vikundi vya watu wanane hadi kumi na wawili, wanaokutana kila wiki kwenye kimbweta, kila mmoja na biashara yake, kwa kazi moja tu, kufahamiana kibiashara na kutafutiana wateja.

Si wazo jipya. Mwaka 1727, kule Philadelphia, kijana mpiga chapa wa miaka 21 aitwaye Benjamin Franklin aliwakusanya wenzake, wengi wao mafundi na watu wa kazi ndogo, wakawa wanakutana kila Ijumaa jioni. Walijadili vitabu na mambo ya mji, lakini pia waliulizana nani ana shida gani na nani amsaidie nani. Franklin mwenyewe alipata kazi ya kuchapa kupitia mmoja wao. Tarehe 23 Februari 1905, Chicago, mwanasheria Paul Harris alikaa na wenzake watatu: muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Hawakuwa na jengo, wakawa wanazungusha vikao kwenye ofisi za wanachama, leo kwako, kesho kwangu. Kuzunguka huko ndiko kulikozaa jina la Rotary. Na mwaka 1985, California, Ivan Misner alianzisha BNI, ambako watu hukutana kila wiki, kila kazi mtu mmoja, kupelekeana wateja. Siku hizi BNI ina ada ya mwaka inayoweza kumeza bumu zima, na sisi hatuhitaji kuilipa. Kilichofanya kazi pale ni kukutana mara kwa mara, na hilo halina bei.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Mama zetu wako kwenye vikoba. Wanakutana kila wiki, wananunua hisa, sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo uko kwa mtu wake. Mfumo huo una mizizi Niger, ambako shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini mwaka 1991. Watu husifu vikoba kwa sababu ya mikopo. Mimi naona ndani yake kuna kitu kingine: mama anayekaa na wenzake ishirini kila Jumamosi anajua nani anauza dagaa, nani anashona, nani ana shughuli mwezi ujao. Harusi ikitokea, mpishi na mpambaji wameshapatikana kabla kadi hazijachapwa. Sanduku lina pesa, lakini na kikao chenyewe nacho ni mali.

Sasa, kikundi chetu kiendeshwe vipi? Naona mambo matano yanatosha.

Kwanza, kila biashara iwe na mtu mmoja. Wasusi wawili kwenye kikundi kimoja wataishia kuviziana. Msusi wa pili aanzishe kikundi chake, kimbweta hakijaisha.

Pili, kikao kisizidi dakika 45. Kila mtu apewe dakika mbili: nafanya nini, wiki hii namtafuta mteja gani, wiki iliyopita nilimpeleka nani kwa nani. Baada ya hapo mmoja apewe robo saa aeleze kazi yake kwa undani, bei zake, na makosa ambayo wateja hufanya wakiagiza.

Tatu, ombi liwe mahususi. Ukisema "jamani nitafutieni wateja", hakuna atakayekumbuka. Lakini nikisema natafuta CR wa mwaka wa tatu anayeratibu fulana za kuhitimu, mpiga picha atakumbuka kuwa jana tu aliongea na mmoja.

Nne, hakuna kiingilio, hakuna sare, hakuna mwenyekiti wa kudumu. Mwongoza kikao abadilike kila mwezi. Anayetaka chai anunue yake.

Tano, ratiba ifuate chuo. Wiki za UE hakuna kikao. Aliyeko field mkoani atume ujumbe wa sauti. Mtu akikosa wiki mbili kwa sababu ya test, asifukuzwe. Kikundi kigumu kuliko masomo kitakufa mapema, na hakitastahili kuishi.

Kuna watakaosema huu ni upatu umevaa suti. Hapana. Hapa hakuna pesa inayochangwa, kwa hiyo hakuna wa kukimbia nayo. Mkitaka baadaye kuwekeza pamoja, hayo ni maamuzi mengine, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa kwenye daraja la nne, vinavyotakiwa kujisajili. Msichanganye.

Wengine watasema tutaishia kuuziana sisi kwa sisi. Hoja hii ina uzito. Watu kumi wakinunua keki na fulana za wenzao kwa kuoneana haya, hiyo si biashara, ni michango. Ndiyo maana kipimo kisiwe nani kanunua nini kikaoni. Kipimo ni nani kaletewa mteja kutoka nje. Kila mmoja wetu ana darasa, kwaya au wenzake wa msikitini, timu ya mpira, ndugu Mbagala na Kimara. Watu kumi wakiunganishwa hivyo, unafika mahali ambapo stetasi yako haitafika hata ungeweka picha kila saa.

Hoja nzito zaidi ni ya uaminifu. Nikimpeleka rafiki yangu kwa fundi simu wa kikundi, akarudishiwa simu imekufa, jina lililochafuka ni langu. Kwa hiyo lazima turuhusiwe kuambiana ukweli: kaka, kazi yako inachelewa, rekebisha ndipo nikuletee mtu. Kusiwe na kumsifia mtu kwa sababu tu ni mwanakikundi. Kikundi kinachoogopa kusema hivyo kitakula heshima ya wanachama wake wote kabla muhula haujaisha.

Na wapo watakaotuona wabinafsi, genge la kubebana. Hata kule Chicago lawama hiyo ilitoka kwa watu wao wenyewe, na kufikia mwaka 1907 klabu yao iliingia kwenye kampeni ya kuupatia mji vyoo vya umma. Nasi tunaweza. Kikundi kimoja kikimshika mkono mwanachuo mmoja wa mwaka wa kwanza anayeanza, bumu lake halitaishia kwenye mzigo usiouzika.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo hupita kwenye vikundi. Wengi huunda kikundi wiki ile fomu zinapotoka, wanajaza majina ya watu wasiojuana, pesa ikija wanagombana. Watu waliokaa kimbweta kimoja mwaka mzima wanajua nani hulipa madeni na nani ni maneno matupu. Ujuzi huo haununuliki siku ya kujaza fomu.

Mahafali yakipita tutatawanyika, mmoja Mwanza, mwingine Mtwara, mwingine amebaki hapa hapa anatafuta ajira. Tutabaki na vyeti vinavyofanana. Kitakachotutofautisha ni nani anatujua, na anajua tunaweza kufanya nini kwa mikono yetu. Miaka hii mitatu tunaishi watu maelfu kwenye eneo moja, bila nauli ya kukutana. Hatutaipata tena bahati hiyo.

Basi wiki hii andika majina ya watu tisa unaowajua wanaouza au kutengeneza kitu usichouza wewe. Watumie ujumbe mmoja: Alhamisi saa kumi jioni, kimbweta fulani, dakika 45, hakuna mchango. Wakija watano, anzeni na watano. Wale wa Chicago walianza wanne.