Sheria ya mikanda ilimsahau mtoto

Kila Desemba familia nyingi za Mombasa zenye asili ya Kakamega hufunga safari ya nyumbani, zaidi ya kilomita 800. Baba na mama wamefunga mikanda. Mtoto amepakatwa.

Tangu Februari 2004, kanuni za marehemu John Michuki zilipoanza kutekelezwa, Mkenya anajua kwamba asipofunga mkanda atatozwa faini. Lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2018 iliiweka Kenya miongoni mwa nchi zisizo na sheria ya kitaifa kuhusu viti vya watoto garini. Shirika hilo hilo linasema viti hivyo vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa hadi asilimia 71. Kwangu mimi, hili ndilo pengo kubwa zaidi katika sheria zetu za barabarani. Kwa kuwa hakuna askari atakayeuliza, mzazi hununua kiti kwa kutazama bei na rangi.

Muuzaji naye huuliza umri, ilhali watoto wawili wa miaka mitatu wanaweza kupishana kilo nne. Nashauri uende dukani na kijitabu cha kliniki. Uzani na urefu vimo humo. Mtoto mchanga hukaa akitazama nyuma ya gari, angalau hadi miezi 15 kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ya R129, kwani kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Kiti hicho kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa, maana ukifumuka unaweza kumuua. Akikua hugeuzwa atazame mbele, akiwa na mikanda ya kiti chenyewe. Baadaye hutumia kiti cha kumwinua, hadi mkanda wa gari upite begani na nyongani, si shingoni na tumboni. Uingereza huweka kikomo hicho kuwa sentimita 135 au miaka 12.

Asubuhi za Kakamega ni za baridi, na watoto huvishwa masweta mazito. Mfunge mikanda kwanza, kisha umfunike leso juu yake.

Viti vya mitumba vinanitia wasiwasi zaidi. Kilichowahi kupata ajali kinaweza kuwa na ufa usioonekana, na hakuna wa kukueleza historia yake.

Najua watoto wengi wa Kakamega husafiri kwa bodaboda, au kwa Probox iliyojaza abiria hadi karibu na gia. Huko kiti cha mtoto ni ndoto. Lakini hiyo si sababu ya kumwacha yule wa gari la kibinafsi. Wabunge wanaweza kuanza na magari hayo na ya shule, na kuondoa ushuru kwenye viti vipya vinavyoingia kupitia bandari yetu.