Chombo bila vipuri ni pambo

Mvuvi ambaye mashua yake imepinduka katika maji baridi ya Atlantiki hana haja ya kujua helikopta ya kumwokoa ilinunuliwa kwa bei gani. Haja yake ni moja tu: iruke sasa. Na helikopta ambayo kipuri chake hakimo ghalani hairuki, hata ikiwa mpya na hata ikiwa imesifiwa namna gani.

Jambo hilo limedhihirika nchini Kanada. Mwaka 1992 Serikali ya nchi hiyo iliagiza helikopta za EH101, zilizobuniwa na viwanda vya Uingereza na Italia, kwa kazi za jeshi la majini na za uokoaji. Mwaka uliofuata chama kingine kilishika madaraka, na mkataba ukavunjwa. Kuuvunja tu kuligharimu karibu dola milioni 500 za Kanada, na hapana helikopta hata moja iliyopatikana. Mwaka 1998 Serikali ya chama hicho hicho ikaamua kununua helikopta 15 za jamii ile ile kwa ajili ya uokoaji. Zikapewa jina la Cormorant, yaani mnandi, yule ndege mzamiaji wa samaki.

Wakati huo wote waokoaji waliendelea kurushwa na Labrador, helikopta zilizoanza kazi katika miaka ya 1960. Oktoba 1998 moja ya hizo ilianguka Quebec, na watu wote sita waliokuwamo wakafa.

Cormorant zilianza kupokelewa mwaka 2001. Zina injini tatu, huruka mbali, na hustahimili barafu na dhoruba. Lakini sifa hizo hazikuzuia nyufa kutokea katika kitovu cha rafadha ya mkia, wala hazikujaza ghala la vipuri. Mwaka 2005 kituo cha Trenton kilinyang'anywa Cormorant zake ili vituo vya pwani vitoshelezwe, kikapewa helikopta ndogo zaidi.

Dawa iliyopatikana mwaka 2011 ni ya kushangaza. Marekani ilikuwa imefuta mwaka 2009 mpango wa helikopta za Rais wake, nazo zilikuwa za jamii hiyo hiyo. Kanada ikanunua tisa kati ya hizo, pamoja na vipuri, kwa dola milioni 164. Ndege zilizokusudiwa kumbeba Rais zikageuzwa ghala la vipuri vya waokoaji.

Ununuzi huo ulikuwa wa busara, lakini ni busara iliyochelewa. Mwenye kununua chombo na asiweke fungu la vipuri, mafundi na mafunzo, amenunua nusu ya chombo. Nusu ya pili atailipia baadaye, kwa bei ya mwenye shida.

Fundisho hilo si la marubani peke yao. Ni la mtunza ghala anayeandika upungufu mapema, la mhasibu asiyekata fungu la matengenezo kwa sababu halionekani katika sherehe, na la mkuu wa idara anayeuliza, kabla ya kutia sahihi, kipuri kitatoka wapi baada ya miaka kumi. Akiba haiozi. Inayooza ni mashine iliyonunuliwa kwa shangwe ikaachwa bila akiba, huku mtu yuko majini akiitazamia mbinguni.