DAMU YETU SI KIPANDE



Yako maneno mawili ambayo waajiri wengi hupenda kuyasema juu ya afya ya mfanyi kazi, na leo yatupasa kuyajibu. La kwanza husemwa mtu anapoomba kazi: "Leta damu yako kwanza tuipime." La pili husemwa mtu anapodai haki yake baada ya kuambukizwa kazini: "Wewe hukukohoa, hukulala kitandani, basi unadai nini?" Tazameni jambo hili. Damu ikiweza kumfukuzisha mtu, wao huisikiliza. Damu ikiweza kumlipisha bwana, wao huziba masikio. Sisi hatukubali. Damu ni ile ile moja, na kama ina maneno ya kusema, itasema mbele ya pande zote mbili.

Lakini mtu hawezi kubishana juu ya kitu asichokijua. Kwa hiyo na tueleze kidogo.

Virusi vikiingia mwilini, mwili huunda askari wake wa kupigana navyo. Waganga huwaita kingamwili. Kipimo tunachokisema hapa hakitafuti virusi wenyewe, kinatafuta askari hawa ndani ya damu. Ukiona askari wa aina fulani wapo, unajua adui wa aina ile alipata kuingia, hata kama mwenye nyumba hakusikia mlango ukivunjwa. Ndiyo sababu kipimo hiki huwaona hata watu wasioumwa siku moja.

Lakini maana ya jibu si moja kwa magonjwa yote. Kwa virusi vya ukimwi, kingamwili kwa mtu mzima ni dalili kwamba virusi vimo bado, kwa maana mwili hauwezi kuvitoa peke yake. Mtu aweza kukaa miaka mingi ana nguvu zake, anabeba magunia, na huku virusi vimo. Kwa korona ni kinyume: kingamwili husema kwamba ugonjwa ulipita, au kwamba mtu alichanjwa, maana chanjo nayo huleta askari wale. Jibu hilo halisemi kwamba mtu ni mgonjwa leo, wala halisemi kwamba hataambukizwa tena. Tena askari hawatokei siku ile ile. Huchukua siku au majuma, na kwa ukimwi pengine hufika miezi mitatu. Kwa hiyo anayempima mtu mara moja tu mlangoni kisha akatangaza kwamba kundi lake lote ni "safi," anajidanganya mwenyewe na anawadanganya wenzake.

Sasa tuje kwa mambo yaliyotokea katika nchi yetu.

Mwaka 2020 korona ilipoingia, watu wa uchunguzi wa KEMRI na Wellcome Trust huko Kilifi walipima kingamwili katika damu ya watu 3,098 waliojitolea damu kwa ajili ya wagonjwa, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni. Wakati huo hesabu ya wagonjwa iliyotangazwa na serikali ilikuwa haijafika 5,000 katika Kenya nzima. Lakini damu ilionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 20 alikuwa amekwisha kuambukizwa, na katika Mombasa na Nairobi walizidi hapo. Wengi walikuwa wakienda kazini na kurudi bila kujua lo lote.

Na ni nani waliotangulia kuingia katika moto? Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule walipimwa madereva wa malori na taniboi wao. Asilimia 42.3 walionekana wana kingamwili. Wafanyi kazi wa hospitali nao walipimwa katika nusu ya pili ya mwaka huo, na kwa wale wa Nairobi hesabu ilikuwa asilimia 43.8.

Ndugu, wakumbukeni madereva hao. Wote walipoambiwa wakae nyumbani, wao waliambiwa waendeshe, kwa sababu unga, mafuta na dawa havitembei kwa miguu. Kule Malaba na Busia walilala barabarani siku nyingi katika foleni ya kilomita nyingi, wakingoja kuchokolewa pua na kungoja majibu. Katika miji ya njiani waliitwa waleta ugonjwa, watu wakawakimbia. Basi damu imetoa ushahidi mwingine. Dereva hakuzaliwa na ugonjwa ule. Aliupata kazini, katika kazi aliyoambiwa kwamba nchi haiwezi kukaa bila yake. Aliyeitwa mchukuzi wa maradhi ndiye aliyeumizwa nayo kwanza.

Tunasikia mwajiri akijibu: "Kingamwili hazisemi mtu aliambukizwa wapi. Pengine aliupata sokoni, pengine nyumbani kwake." Ni kweli, damu ya mtu mmoja iliyopimwa mara moja haisemi mahali. Lakini kundi la watu wa kazi moja likiwa limeambukizwa kuliko wengine wote, basi sababu ni kazi, na mwenye kazi ana neno la kujibu.

Tena iko njia ya kujua hata kwa mtu mmoja, nayo hutumika hospitalini kila siku. Mfagiaji akichomwa na sindano iliyotupwa ovyo, hupimwa damu yake mara moja. Kisha hupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, ambazo yampasa kuzianza kabla saa 72 hazijapita na kuzimeza siku 28. Baadaye hupimwa tena. Kama damu ya kwanza haikuwa na kitu na ya baadaye ina kitu, basi jambo hilo liliingia baada ya siku ile ya sindano. Hapo kipimo ni shahidi wa mfanyi kazi. Lakini mfagiaji wa kibarua ambaye msimamizi wake amemwambia "funga kidole kwa kitambaa, uendelee na kazi" hana damu ya kwanza, hana dawa, na baadaye hana kesi. Wenzetu kadha wa kadha wamekwisha kutuletea habari za namna hii. Sisi twasema huo si usahaulifu. Ni kumnyima mtu shahidi wake kabla ya kesi kuanza.

Na sasa lile neno la kwanza, "leta damu tuipime."

Wazee wetu walivaa kipande shingoni tangu miaka ya 1920. Ndani yake mliandikwa mtu ni nani, amefanya kazi kwa nani, na kwa mshahara gani, na bila hicho hakuna kazi. Chuma kile kimeondoka. Hatutaki kipande kingine kirudi ndani ya mishipa yetu. Mwezi wa Aprili 2020, watu wengine duniani walipotaka wenye kingamwili za korona wapewe cheti cha kupitia, Shirika la Afya Duniani lilisema hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba cheti hicho kingekuwa cha kweli. Walisema kama waganga. Sisi twaongeza kama wafanyi kazi: mahali cheti kinapompa mtu mkate, maskini atajitafutia ugonjwa ili apate cheti.

Juu ya ukimwi, sheria yetu iko wazi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006, kifungu cha 13, inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi. Majibu ni siri ya aliyepimwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mfanyi kazi kwa ajili ya virusi hivyo. Mwaka 2013 mahakama ya kazi huko Nairobi ilimpa mfanyi kazi mmoja zaidi ya shilingi milioni 6, kwa sababu mwajiri alimbagua alipojua hali yake. Basi mwajiri anayesema "ni desturi ya kampuni" ajue kwamba desturi yake iko chini ya sheria ya nchi.

Lakini mtu asidhani kwamba twapinga kupimwa. Hapana! Twawaambia ninyi wanachama waziwazi: nendeni mkapimwe, kwa hiari yenu na kwa faida yenu. Asiyejisikia kuumwa ndiye anayepita bila kujulikana, akaambukiza mke au mume nyumbani. Mwenye virusi vya ukimwi akijua mapema na kumeza dawa kila siku, ataishi maisha marefu, na virusi vikishuka hata kipimo kisivione, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Anayekimbia kipimo kwa sababu ya bwana, anampa bwana ushindi mara mbili: hana kazi yake wala hana afya yake. Yatupasa kuondoa hofu inayotukimbiza kutoka kwenye kipimo, na hofu hiyo haiondoki kwa mahubiri. Huondoka mtu anapojua kwamba jibu lake halitaingia katika faili la ofisi.

Kwa hiyo twadai, na wajumbe wetu wayachukue maneno haya katika kila mkutano wa mapatano:

1. Mtu asipimwe damu bila kuelezwa kwa lugha anayoifahamu kipimo ni cha nini, na bila kukubali mwenyewe.

2. Jibu liwe mali ya aliyepimwa. Mwajiri asiambiwe, wala karani wake, wala msimamizi wake.

3. Kila mahali penye sindano, damu au wagonjwa, kuwe na kipimo cha siku ile ile na dawa za kuzuia, kwa gharama ya mwajiri, kwa wa mshahara na kwa kibarua sawasawa.

4. Kundi la wafanyi kazi likionekana limeambukizwa kuliko wengine, hesabu ile (si majina) itangazwe, na ihesabiwe kuwa ugonjwa wa kazi chini ya Sheria ya Malipo ya Madhara Kazini ya mwaka 2007.

5. Asiyeonyesha dalili asinyimwe haki yake kwa sababu tu mwili wake ulivumilia.

Ndugu, mwajiri ana daktari wake na wakili wake. Sisi tuna hesabu yetu na umoja wetu. Ukiitwa ofisini ukaambiwa "toa mkono," usiogope na usigombane. Uliza: ni kipimo gani? Ni kwa faida ya nani? Jibu litakaa wapi? Ukikosa majibu ya maneno hayo matatu, usitoe mkono. Njoo kwa mjumbe wako siku ile ile.

Wenu katika umoja,
Halmashauri ya Gazeti