Amplifaya ya Zamani Isiuzwe kwa Kilo

Natoa rai yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Katika orodha ya vitu vya stoo vinavyongoja kuuzwa, pamoja na vitanda vilivyovunjika na masufuria yaliyotoboka, imo amplifaya moja ya Kiingereza iitwayo Leak Stereo 20. Wanunuzi wa chuma chakavu wataipima kwa kilo, wataivunja, watachukua shaba iliyomo ndani ya transfoma zake, na mengine watayatupa. Mimi nasema isiuzwe, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza yafaa tuijue. Bwana Harold Leak alianza kampuni yake London mwaka 1934. Mwaka 1945 alitoa amplifaya aliyoiita "Point One", kwa maana upotoshaji wake, yaani tofauti baina ya sauti iliyoingia na ile iliyotoka, ulikuwa asilimia 0.1 tu. Zamani zile lilikuwa jambo la ajabu. Bwana Peter Walker naye alitoa Quad II mwaka 1953, yenye nguvu ya wati 15. Stereo 20 ilitoka mwaka 1958, mwaka ule ule santuri za stereo zilipoanza kuuzwa Uingereza. Hutoa wati 10 kila upande. Mzee mlinzi wetu husema hii yetu ilitoka katika klabu ya shamba moja la mkonge, nasi sote twajua jinsi mkonge ulivyotawala nchi hii ya Kilosa na Kimamba wakati huo.

Watu wanaozipenda mashine hizi husema sauti yake ni laini na ina uhai, hasa mtu anapoimba. Sitaki kuwadanganya wasomaji. Kwa vipimo, amplifaya ndogo ya leo ya bei rahisi yaweza kuishinda, tena kwa umeme kidogo. Wala mimi sijaisikia hii ikilia. Uzuri ninaousemea ni mwingine, nao ni kwamba mashine hii yaweza kufunguliwa na kueleweka.

Mjomba wangu ni fundi redio pale Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Wakati wa likizo humsaidia kazi. Rafu zake zimejaa amplifaya na spika mpya zilizokufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Nyingi zimeharibika chipu moja tu. Chipu hiyo haipatikani, au imefutwa namba yake, basi mwenyewe huona heri anunue nyingine. Mjomba huzitazama na kusema, "Hizi hazikutengenezwa zitengenezwe."

Leak ni kinyume chake. Ukiifungua chini utaona kila rezista na kila kapasita imepangwa kwenye ubao wake, na waya zimefungwa pamoja kwa unadhifu. Ina valvu nane tu: nne za EL84, tatu za ECC83, na moja ya GZ34 inayogeuza umeme kuwa wa mkondo mmoja. Mchoro wake wajulikana duniani kote, na valvu za namna hizo zingali zikitengenezwa huko Urusi, Slovakia na China. Aliyeitengeneza alimfikiria fundi atakayekuja nyuma yake.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, twasoma katika Fizikia kwamba chuma kikipashwa moto hutoa elektroni. Tumeyachora hayo ubaoni na kuyakariri kwa ajili ya mtihani wa Novemba. Ni nani kati yetu aliyeyaona? Ndani ya valvu kathodi hupashwa moto mpaka waya wake unawaka wekundu, elektroni hutoka, anodi huzivuta, na gridi iliyo katikati huzizuia au huziachia. Ni kama mlango wa mfereji shambani: mkono wa mtoto waweza kuusogeza, na maji mengi yakafuata. Sauti ndogo inayoingia husogeza mlango, na nguvu kubwa hutoka kwenda kwenye spika. Somo zima limo katika chupa ya kioo isiyozidi kidole.

Wako watakaosema kwamba huu ni wakati wa treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 yapita hapa Kilosa ikienda Dodoma, basi kwa nini turudi kwenye vyombo vya wakoloni? Nawajibu kwamba elimu haina bendera. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, mwana wa Morogoro aliyefariki mwaka 1965, aliimba nyimbo zetu katika siku za valvu, na hakuna asemaye kwamba nyimbo zile ni za Mwingereza. Tena hao watakaoitunza treni ya umeme watatoka wapi, ikiwa vijana hawajapata kufungua mashine yoyote na kuona kilichomo?

Wengine watasema ni hatari. Hilo ni kweli kabisa. Ndani yake mna zaidi ya volti 300, na kapasita zake zaweza kukushtua hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kwa hiyo mwanafunzi asiiguse peke yake, wala isiwashwe ovyo ili kujaribu bahati. Lakini maabara nayo ina asidi, na hatukuifunga kwa sababu hiyo.

Basi ombi langu kwa Mkuu wa Shule na Bodi ni kwamba amplifaya hii iondolewe katika orodha, ikabidhiwe Chama cha Fizikia chini ya mwalimu. Wazazi walio mafundi waombwe siku chache za kutufundisha kupima kwa mita na kulehemu. Kapasita zilizozeeka zibadilishwe kwanza. Fedha itakayohitajika itazidi ile ya chuma chakavu, nakiri, lakini chuma kikishauzwa hakifundishi mtu tena.

Mimi nitakuwa nimeondoka itakapolia. Watakaofaidi ni wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Siku moja ya mahafali wazazi wasikie kupitia kwake santuri ya Salum Abdallah, au ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, wakijua kwamba watoto wao ndio walioitengeneza. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nasi msala wenyewe hatujaupata.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne