Magoti ya Vudee Hayajaishiwa Ute

Vudee, kama kwingineko Upareni, mtu akishika kiuno washauri hawakosi. Tuyapime maneno yao moja moja.

"Ute wa magoti umekwisha, kula bamia." Bamia ni mboga nzuri, ila ute wake unaishia tumboni. Goti likichakaa, kinacholika ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Ute wenyewe mara nyingi huzidi, ndiyo maana goti hilohilo huvimba na kujaa maji.

"Ni baridi ya mlimani." Baridi hukaza misuli na kuzidisha uzito wa asubuhi, lakini gegedu haliliki kwa baridi. Ingekuwa hivyo, Dar es Salaam kusingekuwa na wagonjwa wa magoti. Itazame kazi. Mama anateremka na mkungu wa ndizi kichwani, kila hatua mguu wa mbele unashika breki. Kushuka ngazi mikono mitupu tu hulitwisha goti zaidi ya mara 3 ya uzito wa mwili. Hapo mkungu bado. Akirudi shambani, anainamia jembe mpaka jua la utosi.

"Ni uzee, vumilia." Umri umo, lakini umo pia unene, jeraha la zamani na mizigo. Mzigo hugawika safari mbili, na misuli ya mapaja ikipata nguvu hulipunguzia goti kazi.

"Mgongo ukiuma ni figo." Figo ikiugua, maumivu hukaa zaidi ubavuni, chini ya mbavu, mara nyingi pamoja na homa au shida ya mkojo. Maumivu mengi ya kiuno hutokana na misuli, kano na viungo vya mgongo wenyewe.

"Lala, usiinuke." Kitanda cha wiki nzima hulegeza misuli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi.

"Diklofenaki ya dukani inatosha." Huzima maumivu kwa muda. Ukiimeza miezi mfululizo, inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuidhuru figo ileile uliyokuwa ukiisingizia.

Yapo ya kukimbilia hospitali. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda na jasho la usiku huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, au brusela inayotokana na maziwa mabichi. Ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo ni safari ya siku hiyohiyo, hata kama ni siku ya gulio.