Kabla ya kununua fanicha ya kale, pima mlango wako

Jirani zangu, mume na mke, walinunua kabati katika mnada hapa Nairobi. Lilikuwa kabati la mvule la enzi za ukoloni, lenye milango ya vioo juu na droo nne chini, na bei yake haikuwa mbaya hata kidogo. Vijana wanne walilibeba hadi orofa ya tatu. Walipofika kwenye kona ya ngazi lilikwama, likakataa kupanda wala kushuka.

"Baba watoto, si ulisema umepima?" mke aliuliza.

Kweli alikuwa amepima. Alipima ukuta wa sebule. Mlango na ngazi hakuvifikiria.

Kabati lililala kwenye ngazi usiku kucha huku wapangaji wakipita kwa kujibanza, hadi seremala alipoitwa asubuhi akalikata miguu. Leo limo sebuleni, limeziba nusu ya dirisha, na mgeni akiingia hana budi kulizunguka ndipo apate mahali pa kuketi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wetu siku hizi tunapenda kupamba nyumba kwa vitu vya zamani. Si vibaya. Mbao za mvule, msaji au mkangazi zilizokauka miaka mingi ni imara kuliko vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi ya kupendeza. Kosa letu ni kuchagua fanicha tukiwa dukani, ilhali yafaa uanze kuchagua ukiwa nyumbani, futi kamba mkononi.

Ukitaka kuona watu waliojua jambo hili, tembelea Lamu na uingie ile Nyumba ya Waswahili iliyohifadhiwa na makavazi. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Sababu ni kwamba dari ilishikiliwa na boriti za mikoko, nazo boriti hizo haziwezi kuvuka nafasi pana, kwa hivyo upana wa chumba mara nyingi hauzidi mita 3. Wenye nyumba hawakushindana na boriti. Vyombo vya thamani waliviweka katika zidaka ukutani, kitanda kikakaa mwishoni mwa chumba, na katikati pakabaki pa kupita.

Sasa linganisha na kabati la jirani yangu. Hilo lilitengenezewa nyumba ya mlowezi, yenye dari ya juu na veranda ya kuegesha gari. Ukiishi katika fleti, sanduku la Pwani au kigoda cha bara vitakufaa zaidi kuliko kabati kama hilo, hata ukipewa bure.

Masanduku hayo yenye njumu za shaba ndiyo ninayoyapenda zaidi. Mengi yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, na bibi harusi wa Pwani aliweka humo nguo zake na mali yake. Katika sebule ndogo sanduku moja laweza kuwa meza, na ndani ukaweka mablanketi. Lakini kama una watoto, sikiliza vizuri. Kifuniko chake ni kizito, na kikianguka chaweza kuvunja vidole. Kibaya zaidi, mtoto anayecheza kujificha aweza kuingia ndani na kifuniko kikajifunga juu yake. Ng'oa komeo au lifungie lisiweze kushika, kisha umwombe fundi aweke kizuizi ili kifuniko kisishuke chote. Usingoje mpaka kesho.

Rangi za zamani nazo zina hatari yake. Nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Ukipata kitanda cha mtoto kilichopakwa rangi zamani, usikipige msasa sebuleni. Tena tazama fito zake. Zikiachana kiasi cha kupitisha mwili wa mtoto, kiache huko huko dukani.

Je, utajuaje kama kitu ni cha zamani kweli? Vuta droo uitoe kabisa, uangalie pale mbao zinapoungana. Meno yaliyokatwa kwa mkono hayalingani sawasawa. Tazama skrubu pia: zile zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hivyo muuzaji akikwambia kiti ni cha 1880 na skrubu zake zote ni za msalaba, mwulize nani alizitia. Meza ya duara ipime mara mbili, kwa urefu wa nyuzi za mbao na kwa kuzikata. Mbao hunywea upande mmoja kuliko mwingine, na meza iliyoishi miaka 100 aghalabu si duara kamili tena.

Matundu madogo yasikutishe yenyewe, kwani huenda wadudu walikwisha kuondoka. Kinachotisha ni unga mpya. Tandika karatasi nyeusi chini ya fanicha hiyo kwa wiki moja, uone kama kuna unga utakaoanguka. Kama upo, usiipeleke karibu na vitu vyako vingine kabla haijatiwa dawa.

Kuna na sheria. Wafanyabiashara wengi huita kitu cha kale kikifikisha miaka 100. Lakini Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na huwezi kukitoa nchini bila kibali. Milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 nayo inalindwa. Kwa hivyo ukiuziwa mlango wa Lamu ili uugeuze meza, uliza ulitoka nyumba gani na nani aliruhusu ung'olewe.

Kuhusu kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye kamba zilizosukwa na mahali pa kuwekea miguu, uwe mwangalifu zaidi. Baadhi yake vimetiwa mapambo ya mifupa, na vingine ya pembe za ndovu. Kumiliki pembe bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Kama muuzaji hana karatasi, mwachie kiti chake.

Ukishanunua, usikimbilie msasa na vanishi ili king'ae kama kipya. Ile rangi ya uzee ndiyo uliyolipia. Kifute vumbi, upake nta ya nyuki kidogo, na ukiweke mbali na jua la dirishani, hasa kama kimetoka Pwani. Mbao zilizozoea unyevu wa bahari hupasuka zikifikishwa katika hewa kavu ya Nairobi na kuachwa juani.

Nimesema mengi juu ya maduka, na pengine fanicha unayoitafuta iko kwa mama yako, imewekewa mtungi wa maji. Mjomba wangu alipofariki huko Ukambani, vijana walisafisha nyumba ili wageni wa mazishi wapate nafasi. Kigoda chake cha miguu mitatu, kilichopambwa kwa nyaya za shaba, wakamwuzia mchuuzi aliyekuwa akipita, kwa bei ya sukari kilo mbili. Hakuna aliyejua kwamba mzee alikuwa amemwahidi kifungua mimba wake. Sasa ni mwaka wa tatu, na ndugu hao wakikutana husalimiana kwa shida.

Basi ukienda nyumbani Desemba, usibebe kitu ati kwa sababu umekisifu na mama akacheka. Keti naye, umwulize kilitoka wapi na nani aliahidiwa. Mwulize ndugu zako wakiwapo. Kama ni chako, kipime kabla ya kukipandisha kwenye matatu.

Jumapili ijayo tutazungumzia jinsi ya kusafisha shaba bila kuikwaruza.