Baraza la Kariakoo na Swali Lisiloulizwa

Mtu apitaye Kariakoo asubuhi na mapema, kabla maduka ya Mtaa wa Kongo hayajafunguliwa na kabla wachukuzi hawajaanza kusukuma mikokoteni yao, atakuta mabaraza ya kahawa yamekwisha kujaa watu. Yupo fundi cherehani, yupo karani anayesubiri saa ya kuingia ofisini, yupo mwalimu aliyestaafu, na yupo kijana auzaye viatu. Kikombe ki mkononi, kashata i mdomoni, na mazungumzo ni yale yale ya miaka nenda miaka rudi: Simba na Yanga. Si ajabu iwe hivyo, kwani klabu zote mbili zina makao yao humu humu, moja Mtaa wa Msimbazi na nyingine Jangwani, na mtu mwenye miguu mizima huweza kuzitembelea zote mbili kabla kahawa yake haijapoa.

Wapo watu, hasa miongoni mwetu sisi tulioshika kalamu maofisini na chaki madarasani, ambao huyadharau mazungumzo hayo na kuyaita porojo. Mwandishi wa makala hii hakubaliani nao. Baraza la Kariakoo ni shule ya namna yake. Mzee ambaye huenda hakumaliza darasa la nne atakutajia, bila kutazama karatasi yoyote, kwamba Juni 1, 1968 Yanga iliifunga Sunderland, ambayo ndiyo Simba ya leo, mabao 5 kwa 0. Kwamba Agosti 10, 1974, katika uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, Yanga ilishinda 2 kwa 1 baada ya dakika za nyongeza. Na kwamba Julai 19, 1977 Simba ililipa kisasi kwa mabao 6 kwa 0, matatu kati ya hayo yakiwa ya Abdallah Kibadeni. Atakayekosea tarehe atasahihishwa papo hapo na watu watatu kwa pamoja. Laiti wanafunzi wetu wangelijua somo la historia kwa kiasi hicho!

Basi haitupasi kuwaambia watu hao waache kubishana. Linalotupasa ni kuuliza jambo jingine. Ikiwa akili zao ni kali hivyo, na kumbukumbu zao ni pana hivyo, kwa nini lipo swali moja ambalo baraza haliulizi? Msimu wa 2024/2025 ulituonyesha wazi hasara ya kutoliuliza.

Tuukumbuke msimu huo kwa kifupi. Yanga ilitwaa ubingwa wa nne mfululizo, ikiwa imewatumia makocha watatu katika msimu mmoja: Miguel Gamondi, kisha Sead Ramovic, kisha Miloud Hamdi. Simba, chini ya Fadlu Davids, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilifungwa 2 kwa 0 na RS Berkane kule Morocco, ikatoka sare ya 1 kwa 1 katika uwanja wa Amaan, Zanzibar, na kombe likaenda. Katika ligi, timu hizo zilifukuzana hadi siku ya mwisho kabisa, Yanga ikiwa mbele kwa pointi moja tu. Juni 25, 2025 zikakutana, na Yanga ikashinda 2 kwa 0 kwa mabao ya Pacôme Zouzoua na Clement Mzize. Hayo yote baraza lilikwisha kuyachambua, kipengele kwa kipengele, hata ukuta ukachoka kusikia.

Lakini mchezo huo wa Juni 25 haukupangwa kuchezwa siku hiyo. Ulipangwa kuchezwa Jumamosi, Machi 8, 2025, katika uwanja wa Benjamin Mkapa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba, waliokuwa wageni wa mchezo, walikwenda uwanjani kufanya mazoezi, kama kanuni zinavyowaruhusu, wakazuiwa kuingia. Uongozi wao ukatangaza kwamba timu haitacheza. Siku ya pili yake, zikiwa zimesalia saa chache, Bodi ya Ligi ikautangaza mchezo kuwa umeahirishwa. Yanga nao walifika uwanjani, wakasema wao walikuwa tayari, na kwamba mchezo mwingine hawautambui. Wakapeleka malalamiko yao hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Uswisi, na huko nako hawakupata walichokitaka. Ikapangwa Juni 15, ikasogezwa tena, hatimaye ikawa Juni 25. Kwa muda wa miezi mitatu na nusu nchi nzima ilikuwa ikisubiri mchezo mmoja wa dakika tisini.

Sasa natuulizane: katika kadhia hiyo yote, ni nani aliyemkumbuka mwananchi? Uwanja ule huingiza watu 60,000. Walikuwapo walionunua tiketi kwa fedha za jasho lao. Walikuwapo waliopanda mabasi kutoka mikoa ya mbali, wakaomba ruhusa kazini au kufunga vibanda vyao, wakalala kwa jamaa zao Buguruni na Magomeni ili waione timu. Watu hao hawakumzuia mtu mlangoni, wala hawakugoma kucheza, wala hawakuahirisha lolote. Hata hivyo hasara ya kwanza iliwaangukia wao. Tiketi huweza kutumika siku nyingine. Lakini nauli iliyokwisha kuliwa na basi hairudi, na siku ya kazi iliyopotea haipatikani tena.

Mtu angetazamia kwamba siku ya pili yake mabaraza yote ya Kariakoo, ya wekundu na ya kijani, yangesimama pamoja na kuuliza kwa sauti moja: uamuzi huu ulifanywa na nani, na kwa idhini ya nani? Sivyo ilivyokuwa. Kwa sehemu kubwa baraza liligawanyika kama kawaida. Wa Msimbazi walisema haki yao imevunjwa. Wa Jangwani walisema mtani ameingiwa na woga. Hoja ikawa ni ya pointi tatu. Mwandishi wa makala hii naye anayo timu yake, ambayo hataitaja, maana angependa kuendelea kunywa kahawa yake kwa amani. Na akiri kwamba wiki ile naye alibishana juu ya pointi tatu kama wenzake.

Swali tusilouliza ndilo hili: klabu hizi ni mali ya nani?

Historia inatoa jibu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, enzi za mkoloni, na vijana wa mji huu. Mwaka uliofuata baadhi yao walitofautiana na wenzao, wakajitenga na kuunda klabu yao, ambayo baada ya kupitia majina mengine ilikuja kuitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka tena, ikazaliwa Pan African. Migogoro hiyo ilikuwa na ubaya wake, na wengi waliumia. Lakini yafaa tuone jambo moja ndani yake: watu waligombana kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba ana sehemu yake katika nyumba ile. Mpangaji hagombanii kuta, huhama. Mwenye nyumba ndiye asimamaye mlangoni.

Katika miaka ya karibuni mambo yamebadilika. Mwaka 2017 wanachama wa Simba waliukubali mfumo mpya, na Desemba ya mwaka huo Mohammed Dewji akatangazwa kuwa mshindi wa zabuni ya kununua asilimia 49 ya hisa kwa shilingi bilioni 20, huku asilimia 51 zikiwa za wanachama. Mwaka 2021 wanachama wa Yanga nao walipitisha mabadiliko ya katiba yaliyoelekea njia hiyo hiyo. Hatuna sababu ya kuyalaani mabadiliko hayo. Mpira wa siku hizi unahitaji fedha nyingi, na matunda tumeyaona: Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, ikalikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu, na Simba ikafika fainali hiyo hiyo mwaka 2025. Zamani tulikuwa tukihadithiana fainali ya Simba ya mwaka 1993 kana kwamba ni ngano ya kale.

Hata hivyo, asilimia 51 ni maneno matupu ikiwa mwenye nazo hajui zilipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Barazani tunamjua aliyefunga bao mwaka 1977 na dakika aliyolifunga. Je, ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja mapato na matumizi ya klabu yao ya mwaka jana? Ni wangapi waliowahi kuisoma katiba ya klabu walau mara moja? Ni wangapi wenye kadi ya uanachama iliyolipiwa, na kati ya hao ni wangapi wanaohudhuria mkutano wa tawi? Wengi wetu ni mashabiki. Wanachama ni wachache. Shabiki hupiga kelele, ila mwenye kupiga kura ni mwanachama. Asiyekuwapo na lake halipo.

Atatokea mtu aseme kwamba mpira ni burudani tu, na kwamba mtu aliyechoka na kazi aachwe acheke na kulia na timu yake bila kutwishwa mzigo wa hesabu. Hoja hiyo ina uzito kiasi, lakini Machi 8 imekwisha kuijibu. Asiyetaka kubeba mzigo wa uanachama alitwishwa mzigo wa nauli, na huo hakuulizwa kama anautaka.

Atatokea mwingine aseme kwamba haiwezekani umati wa watu wa kawaida kuwa wenye timu kubwa katika dunia hii ya matajiri. Huyo naomba atazame Marekani, nchi ambayo hakuna atakayeituhumu kwa kuuchukia utajiri. Wana mchezo wao wanaouita futiboli, ingawa mpira wenyewe huchukuliwa mikononi zaidi ya kupigwa kwa miguu, na timu za ligi yao kuu ni mali ya matajiri, isipokuwa moja. Timu hiyo ni Green Bay Packers, katika mji mdogo wenye watu wapatao laki moja tu. Tangu mwaka 1923 imekuwa mali ya umma wa wapenzi wake, na leo wenye hisa wanazidi nusu milioni. Hisa hizo hazileti gawio, wala haziuzwi kwa faida. Na kanuni zao zinamzuia mtu mmoja kujilimbikizia. Kila mwaka wenye hisa huitwa mkutanoni kusikiliza taarifa, na hesabu za timu hutangazwa hadharani. Timu hiyo ni miongoni mwa zenye mataji mengi kuliko zote katika mchezo huo. Basi si kweli kwamba ushindi na daftari haviwezi kukaa nyumba moja.

Hapa ndipo makala hii inapowaelekea wasomaji wake hasa, yaani walimu na watumishi wa umma. Sisi ndio tunaojua kusoma katiba na kuipambanua ibara moja na nyingine. Sisi ndio tunaoandika mihtasari ya vikao, tunaokagua vitabu vya fedha, tunaojua tofauti ya ajenda na mengineyo. Ujuzi huo tunaufungia ofisini saa tisa na nusu, kisha tunakwenda barazani kupiga kelele kama kila mtu, au tunapita mbali tukiinua pua. Yote mawili ni makosa. Aliyesomeshwa kwa kodi ya wachukuzi na mafundi cherehani ana deni kwao, na deni hilo halilipwi darasani peke yake.

Tufanye nini basi? Kila mmoja wetu mwenye timu alipie kadi, aingie tawini. Aichukue katiba ya klabu yake, aisome, na siku moja barazani, mabishano yakipoa, awasomee wenzake ibara inayohusu haki za mwanachama. Aulize mkutanoni mambo matatu: hesabu zetu zikoje, viongozi wetu wakitaka kuiondoa timu mchezoni, au kukataa mchezo uliopangwa upya, watamwuliza nani, na mchezo ukivunjika kwa kosa lisilo la mtazamaji, mtazamaji atalipwa nini. Maswali hayo hayana rangi. Mwekundu akiuliza, wa kijani hapati hasara. Na majibu yakipatikana Msimbazi, Jangwani hawatakosa kuyadai.

Watani wataendelea kutaniana, na Mungu asituletee siku ambayo Kariakoo itakaa kimya. Mzee wetu wa barazani aendelee kutuhesabia mabao ya mwaka 1968 na ya mwaka 1977. Ila karibu na kikombe chake cha kahawa kiwekwe pia kijitabu kidogo cha katiba, na kijana auzaye viatu akifunue. Siku atakayouliza, "Mzee, hapa imeandikwa kwamba sisi ndio wenye klabu, je, Machi 8 tuliulizwa?" baraza lile litakuwa limeanza mabishano yenye faida kuliko yote liliyopata kuyafanya.